Kiraka Alikuwa wa Nani?

4 Machi

Kaka Kamba,

Salamu. Najua masikio yako hayapatani tena na simu tangu ile bunduki ya kazini iyaharibu, ndiyo maana naandika. Tena habari yenyewe sitaki kuipigia kelele hapa, majirani wakaisikia kabla yako.

Kiraka amefariki. Ni Jumanne asubuhi, nilipokuwa natunga uzi kwenye cherehani. Nilimsikia anashusha pumzi, ile ya mtu aliyetua mzigo, nikasubiri aivute tena. Hakuivuta. Watu husema mbwa hafariki, mbwa hufa. Wewe nivumilie.

Nimemzika mwenyewe nyuma ya nyumba, pembeni ya Waziri na Sindano. Nilianza kuchimba saa tatu nikamaliza saa saba, maana magoti haya si yangu tena. Nachimba kidogo, nakaa juu ya ndoo, nachimba. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Unapanda nini, Mama Fundi?" Nikamwambia natafuta bomba linalovuja. Sikuwa na nguvu ya kuchekwa.

Basi wote watatu wamekwisha. Waziri na lile tumbo lake lililomtangulia mlangoni, akikagua kila mteja kabla sijampima. Sindano, ambaye ulinionya nisimwache karibu na mashine nitakuja kumtunga uzi kwa wembamba, na ambaye alikula mkono wa suti ya bwana harusi asubuhi ya harusi yenyewe. Na Kiraka wangu, wa kwanza kuja na wa mwisho kuondoka. Wote uliwatoa kwenye gari la manispaa, gari ambalo mbwa akiingia haulizwi tena. Wewe mkamata mbwa, mimi mjane wa mtaa wa nyuma. Watu walisema wale wawili wana lao jambo. Jambo lenyewe lilikuwa na miguu minne, hawakuamini.

Nimechoka, kaka. Sijui kama nina majonzi au nimechoka tu. Mambo hayo mawili yanafanana sana usoni. Kitambaa kikianguka chini sasa hakuna wa kukilalia.

Nakuomba kitu kimoja. Waziri na Sindano najua ulikowatoa. Ya Kiraka hukunieleza vizuri, na mimi wakati ule sikuwa mtu wa kuuliza. Ulimkuta wapi? Alikuwaje? Nataka nimkumbuke mzima, tangu mwanzo.

Dada yako,
Fundi


17 Machi

Dada Fundi,

Pole. Pole sana. Barua yako nimeisomea uani, nimeipa nyumba mgongo, binti yangu asinione. Nikimwambia namlilia mbwa atafikiri akili imeanza kwenda.

Hapa kwake nimepewa chumba cha nyuma, kile cha mizigo. Nalala na mapipa mawili ya maji na baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Sisemi nateswa, wananilisha, wananifulia. Lakini mtu ukikaa na mizigo muda mrefu unaanza kujiona mmojawapo. Asubuhi nafagia uwanja. Ukishafagiwa nakaa nautazama unavyochafuka.

Kiraka nilimkuta sokoni, upande wa samaki, anaokota vichwa. Mbwa wa mtaani kama wengine. Hakuna hadithi ndefu. Usijichoshe kuchimbua ya nyuma, dada, umeshachimba ya kutosha. Mwache apumzike, nawe pumzika.

Kaka yako,
Kamba


29 Machi

Kaka Kamba,

Njia ya mwongo ni fupi, na wewe hata hukuitembea. Sasa nakumbuka, siku uliyomleta uliniambia umemkuta kituo cha mabasi, chini ya basi bovu. Leo amehamia sokoni anakula samaki. Kiraka hakuwahi kula samaki. Ukimwekea alikuwa anageuza uso kama mtu aliyetukanwa.

Halafu kuna jingine. Nilipomwosha kabla ya kumzika, manyoya ya shingoni yalikuwa yamepungua kwa uzee, nikaona alama inayozunguka shingo yote, nyembamba, imekaza. Mimi nimeshona maisha yangu yote, alama ya kitu kilichobana naijua. Ile ni ya waya, si ya kitanzi chako kama nilivyodhani alipokuja na kidonda. Mbwa wa mtaani hafungwi waya. Mbwa anayefungwa ana mwenyewe.

Unakumbuka miaka miwili ya kwanza hakubweka? Tulidhani bubu. Mpaka siku ile alipombwekea mleta barua, mara moja tu, akajishtukia mwenyewe. Mimi nikalia na pini zangu mdomoni mbele ya mteja. Nilidhani nalia kwa furaha. Sasa najiuliza ni nani aliyemnyamazisha.

Alikuwa wa mtu? Niambie. Kwa umri wetu huu tunamficha nani?

Fundi


20 Aprili

Dada Fundi,

Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa na uongo, ya pili uongo mdogo zaidi, ya tatu niliichana kabla sijaandika jina lako. Hii itakwenda hivi hivi ilivyo.

Alikuwa wa mtoto.

Nilipokuletea Kiraka ulikuwa mwezi wa pili tangu umzike mumeo. Wiki iliyofuata, Ijumaa, alikuja ofisini mtoto wa kike wa miaka tisa hivi, na sare ya shule, sweta kalifunga kiunoni. Akasema mama yake ni mpishi kwenye ile shule ya karibu na mnara wa maji. Akanielezea mbwa: mweupe, ana kiraka cheusi jicho la kushoto. "Mmemkamata?" Nikajua ni huyo. Nikamwambia arudi Ijumaa ijayo.

Jioni ile nilikuja kwako kumchukua. Hukujua, na sijakwambia mpaka leo. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa umekaa sakafuni na bakuli la uji, unampa yeye kijiko kimoja, unakula wewe kijiko kimoja. Majirani walikuwa wameniambia una siku nyingi hujatia kitu kinywani, na kwamba wanafikiria kukubeba kukupeleka hospitali. Nikakuona unameza. Nikarudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Ijumaa ya pili nilimwambia mtoto bado tunatafuta. Ya tatu nilijificha stoo, mwenzangu akasema nimetoka. Ya nne nikasema labda mbwa amehamia mtaa mwingine. Ya tano alikuja na mvua, viatu mkononi visilowe. Nikaona huyu atakuja mpaka nistaafu. Nikamwambia, "Tulimpiga risasi."

Hakulia. Aliuliza, "Aliumia?"

"Hapana," nikasema.

"Asante," akasema. Akavaa viatu vyake, akaenda zake.

Mbwa niliowaua ni wengi, dada. Ndiyo kazi niliyoajiriwa. Hao wananijia na kuondoka. Ile asante haijaondoka. Nilikuwa nawaokoa wengine na kukuletea wewe, Waziri, Sindano, nikidhani labda nitaifunika. Haifunikiki.

Kamba


2 Mei

Kamba,

Nimesoma.

Miaka kumi na miwili nimekaa na kipenzi cha mtoto miguuni pangu, nikijiita mwenye huruma. Umenifanya mwizi bila kuniuliza kama nataka wizi.

Usiniandikie.

Fundi


6 Juni

Dada Fundi,

Umesema nisikuandikie, nami nimejizuia mwezi mzima. Hii ukitaka iwashie jiko.

Sikukuuliza kwa sababu nilijua jibu. Ungemrudisha siku ileile, ungemshika mkono yule mtoto mpaka kwao, kisha ungerudi kukaa sakafuni bila bakuli. Nilichagua kati yenu wawili bila kumwambia hata mmoja. Sisemi nilifanya vyema. Nasema ndivyo nilivyofanya.

Binti yangu ameniuliza mbona sili. Nimemwambia meno.

Kamba


9 Julai

Binti yangu,

Hunijui. Mimi ni mshonaji, nina chumba changu cha kazi nyuma ya ofisi za manispaa. Nimekuja mara mbili hapo chumba cha kufulia cha hospitali, nikasimama mlangoni nikikutazama mnakunja mashuka na mwenzako, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Mara zote mbili maneno yaliniishia nikarudi nyumbani. Sasa barua hii nimemwachia mlinzi.

Mama yako ndiye aliyenielekeza. Nilianzia shuleni, karibu na mnara wa maji, nikauliza mpishi wa zamani, wakanionyesha anakokaa. Nilipomwambia nina neno nawe kuhusu mbwa, alikwenda kutafuta kalamu. Kisha akaniandikia unakofanya kazi, akasema, "Mwambie yeye mwenyewe. Mimi wakati ule sikuwa na mdomo." Sikumwelewa, na sikumuuliza.

Neno lenyewe ni hili. Ulipokuwa mdogo ulikuwa na mbwa mweupe mwenye kiraka cheusi jichoni. Mzee mmoja wa manispaa alikwambia wamempiga risasi. Haikuwa kweli. Mbwa alikuwa kwangu. Mzee yule alikuwa ameshanipa, na akaona vigumu kuninyang'anya kwa kuwa nilikuwa kwenye msiba. Mimi sikujua kuwa ana mwenyewe. Nimejua mwaka huu, baada ya kumzika.

Ameishi kwangu miaka kumi na miwili. Hakulala njaa hata siku moja. Amekufa kwa uzee, asubuhi, karibu na miguu yangu.

Najua hakuna cha kurudisha. Naomba radhi kwa kitu ambacho sikujua nakifanya, na bado nimekifanya. Usipojibu nitaelewa.

Mama Fundi, mshonaji


23 Julai

Shikamoo Mama Fundi,

Barua yako imekaa mfuko wa aproni wiki mbili. Nusura niifue.

Huna haja ya kuniomba radhi. Hukuninyang'anya kitu. Ngoja nikueleze, maana sijawahi kumweleza mtu, hata mama, ingawa mama anajua.

Mimi nilimwita Kelele. Ulikuwa utani wangu na yeye, kwa sababu hakuwa na sauti. Nyumbani kulikuwa na baba wa kambo. Mle ndani aliyetoa sauti alipata teke. Mimi nilijifunza, na mbwa akajifunza. Siku moja yule bwana alimfunga waya shingoni, akamfungia kwenye nguzo ya kuanikia nguo, akasema Jumapili atammaliza. Alipotoka nilichukua koleo nikaukata. Nikamwambia mbwa nenda. Hakwenda. Alikaa ananitazama. Basi nikaokota mawe, Mama. Nilimpiga mawe mimi mwenyewe, moja likampata mguu wa nyuma, ndipo akaondoka akichechemea, kila hatua anageuka nyuma.

Kwa hiyo Ijumaa zile sikwenda kumdai. Ningempeleka wapi? Nilikwenda kumwomba yule mzee, kwamba akimkamata asimuue, ampe mtu. Hayo tu. Njia nzima nilikuwa nayarudia maneno. Nikifika nikimwona na ile kamba yake begani yananikimbia yote, nabaki kuuliza, "Mmemkamata?"

Aliposema wamempiga risasi nikamuuliza kama aliumia. Alijibu haraka mno. Mtoto wa nyumba kama ile yetu anamjua mtu mzima anayedanganya. Nikaelewa kwamba aliumia sana. Na kwamba aliyempeleka kwenye ile bunduki ni mimi na mawe yangu. Nikasema asante kwa sababu tulifundishwa kusema asante.

Nimeishi na hilo mpaka wiki mbili zilizopita. Niliisoma barua yako katikati ya mashuka, nikakaa chini sakafuni. Mwenzangu akaja mbio, "Umepata msiba?" Nikamwambia hapana, nadhani umeniondokea mmoja.

Yule bwana alishaondoka kwetu zamani. Mama ana amani yake.

Nipe anwani ya mzee. Sitamtukana. Ila sitamwambia hakuna neno, maana neno lipo. Nataka anieleze siku aliyomkamata ilikuwaje, yote, bila kunionea huruma.

Na wewe nikuulize kimoja. Alikuja kubweka?

Binti wa mpishi


12 Agosti

Binti,

Barua yako nimeipata. Umesema nisikuonee huruma. Haya.

Ilikuwa asubuhi, kituo cha mabasi, na siku hiyo nilikuwa peke yangu garini. Mbwa wa mji ule walilijua gari letu kwa mlio; wakilisikia wanatawanyika kama vifaranga walioona mwewe. Yeye hakukimbia. Alikuwa chini ya basi bovu, mguu wa nyuma umevimba, shingo ina kidonda kibichi. Nikamrushia kitanzi. Hakupinga. Mbwa akipambana unafanya kazi yako, mnamalizana. Asipopambana unabaki unajitazama. Bunduki ilikuwa kwenye kiti. Niliichukua, usidhani sikuichukua. Nikakaa nayo pale chini kiasi cha dakika chache, kisha nikairudisha. Nilimfunga kwa koti langu la mvua nikampeleka kwa Fundi, kwa sababu jana yake nilikuwa nimepita kwake kuchukua suruali nikamwona anavyokwisha.

Mguu ulipona kwa wiki mbili. Jiwe lako halikuvunja mfupa. Nilimpapasa mwenyewe, nina uzoefu.

Sasa lile neno lililopo. Nilidhani nakunyima mbwa. Kumbe nilikubebesha maiti, ukiwa na miaka tisa, na maiti yenyewe haikuwepo. Ningeweza kukwambia, "Yuko kwa mama mmoja, anakula." Maneno matano. Ungeenda zako ukiwa mwepesi, na ndiyo uliyokuwa umeyafuata Ijumaa zote zile. Haikunipitia akilini kwamba mtoto anaweza kumpenda mbwa na asitake kumrudisha. Niliona unadai, kwa kuwa kila aliyekuja pale ofisini alikuwa anadai. Sikukuuliza hata mara moja unataka nini.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nimeandika ulichotaka.

Kamba


25 Agosti

Kaka Kamba,

Nimerudia kukuita kaka. Usilikuze jambo.

Binti alikuja Jumamosi, moja kwa moja kutoka kazini. Mrefu, mikono imekauka kwa sabuni, anasalimia kwa sauti ya chini mpaka nikamwomba arudie. Nilimpeleka nyuma ya nyumba. Akauliza ni yupi. Nikamwonyesha wa pembeni. Akachuchumaa, akaweka kiganja pale juu ya udongo. Kisha akaniuliza na hawa wengine ni nani, nikamsimulia Waziri na Sindano. Kwenye mkono wa suti alicheka, kaka, alicheka mpaka akajishika mbavu, kisha akajifuta macho na pindo la blauzi.

Tuliporudi ndani akasema, "Hukunijibu. Alibweka?"

Nikamwambia, "Mwaka wa tatu. Baada ya hapo hatukulala. Aliibwekea mvua, alizibwekea pikipiki, alimbwekea mchungaji wa jirani mpaka akabadilisha njia."

"Na hakuna aliyempiga?"

"Nani ampige? Humu ndani mwenye nyumba alikuwa yeye."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayehakikisha kitu.

Nilimuuliza kuhusu barua yako. Alisema ameisoma, na pale pa mguu amepasoma zaidi. Nikamuuliza kama amekusamehe. Akasema, "Bado, Mama." Hivyo hivyo, bila hasira. Akasema siku ukija huku asiambiwe mapema, akukute tu. Akijua kabla atatafuta sababu ya kutokuja. Mimi nimekupa ujumbe kama ulivyo. Nauli utajua mwenyewe utakavyomwambia binti yako, na acha kusingizia meno.

Mimi nimekusamehe au sijakusamehe, sijui. Ukweli ni kwamba nilikula ule uji. Hilo siwezi kuligeuza.

Nilimwacha benchini nikaenda kuchemsha chai. Niliporudi alikuwa amelala, na viatu vyake, kichwa juu ya marobota ya khaki. Mama yake aliniambia anafanya zamu mbili. Nilikuwa na suruali tatu za kumaliza siku hiyo, na cherehani yangu unaijua, inanguruma kama inasaga kokoto. Nikazimalizia kwa mkono. Mwenye suruali alipofika nilijiwekea kidole mdomoni, akatazama benchi, akatoka kusubiri nje.

Dada yako,
Fundi